Usimalize Akiba Yote Mwezi wa Kwanza: Niliyojifunza Nikimuuguza Kaka Yangu

Daktari alipotuambia kwamba figo za kaka yangu zimefeli, tulichanga kama watu wanaozima moto. Kila ndugu alileta alichokuwa nacho, mmoja akakopa kazini, mwingine akauza kitu chake bila kutuambia. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na fungu ambalo hakuna aliyelitegemea, tukamshukuru Mungu. Kufika mwezi wa nne fungu lilikuwa limekwisha, na kaka bado alihitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kwa muda wa takriban saa nne kila safari.

Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, na mwakani ni hivyo hivyo, asipopata figo ya kupandikizwa. Sisi tulikuwa tumechanga kama wanaomlipia mtu operesheni, atoke wodini, arudi nyumbani, yaishe.

Kwa hiyo kabla hujachangisha hata senti, kaa chini na kalamu uhesabu mwezi mmoja mzima. Andika gharama ya kusafisha damu. Andika sindano za kuongeza damu, maana figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu, na zikifeli mgonjwa huishiwa damu taratibu. Andika dawa za presha, vipimo vya kila mwezi, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Halafu andika lile ambalo familia nyingi hulisahau: siku za kazi anazopoteza anayemsindikiza. Sisi hatukuliandika, na dada yetu akapoteza kibarua huku tukimsifu kwa moyo wake wa huruma.

Ukishapata jumla ya mwezi, mwombe kila ndugu ataje kiasi anachoweza kukitoa kila mwezi bila kuumia, hata kiwe kidogo namna gani. Tuna mpwa aliyetaja kiasi ambacho, nasema kweli, nilikidharau moyoni. Miaka miwili baadaye ndiye peke yake ambaye hajakosa hata mwezi mmoja. Waliotoa vingi siku ya kwanza wengi wao walichoka, na siwalaumu, tuliwakamua sisi wenyewe. Asiye na pesa mpe zamu ya kumpeleka hospitali, na zamu hiyo iandikwe kwenye daftari lile lile la michango. Ni mchango kamili.

Sasa niseme jambo linaloniuma mpaka leo.

Vikao vyetu vya pesa tulivifanyia sebuleni usiku, tukiamini kaka amelala. Kumbe ukuta ule ulikuwa unampitishia kila neno. Alisikia nani amegoma kuchangia, nani amesema "hivi hii itaisha lini?" Wiki iliyofuata akaniambia kwamba anajisikia vizuri, wauguzi wamemruhusu kupumzika safari moja. Nikamwamini. Usiku wa tatu nilimkuta ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Nilimbonyeza ugokoni kwa kidole, shimo likabaki pale pale kama nimebonyeza unga uliokandwa. Tulipofika hospitali, mizani ilionyesha kilo 4 juu ya uzito wake wa kawaida, na zote zilikuwa maji yaliyokosa pa kutokea. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, nayo ilikuwa imepanda mno, na potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo.

Hakuna muuguzi aliyemruhusu. Alikuwa anatupunguzia gharama.

Alipopata nafuu aliniambia, "Mdogo wangu, mnanipangia maisha yangu nami nipo chumba cha pili." Tangu siku hiyo hakuna kikao bila yeye. Anaona daftari, anajua kilichopo na kilichopungua, na mara nyingi ndiye anayetuonyesha pa kubana. Ukiwa na mgonjwa mwenye akili zake timamu, usimfiche hesabu kwa kudhani unamhurumia. Atazisikia tu, na atazisikia vibaya.

Kuhusu bima, soma kikomo cha mwaka na uulize kama ugonjwa uliokuwapo kabla ya kujiunga unalipiwa, na baada ya muda gani. Uliza pia ni huduma zipi zinahitaji kibali kabla hazijafanyika. Sisi tulikataliwa bili moja kwa kukosa karatasi hiyo tu. Hospitali nyingi kubwa zina ofisa ustawi wa jamii. Mtafute mapema, kabla hamjaishiwa kabisa, kwa sababu taratibu za msamaha wa gharama huchukua muda. Mwulize daktari kama dawa ina nyingine yenye kiambato kile kile kwa bei nafuu, lakini msipunguze dozi wenyewe ili dawa ifike mwisho wa mwezi.

Watakuja pia watu wa dawa za kunywa za mitishamba, baadhi yao wanawapenda kwa dhati. Ipo mimea ambayo yenyewe huharibu figo, na dawa za maumivu zinazouzwa kiholela, kama diklofenaki na ibuprofeni, nazo zinaweza kuimaliza nguvu kidogo ya figo iliyobaki. Sisi tulikubaliana kwamba hakiingii kinywani mwake kitu ambacho daktari hajakisikia. Shangazi mmoja alinuna mwaka mzima. Bado ningefanya vile vile.

La mwisho ni mkono. Kwenye mkono wa kushoto wa kaka, daktari wa upasuaji aliunganisha mishipa miwili ya damu, ateri na vena, ili damu ipite kwa nguvu ya kutosha kwenda kwenye mashine. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi mzigo, haulaliwi. Njia hiyo ikiziba, mnarudi kwenye upasuaji na gharama zake, na njia mpya huchukua wiki nyingi kukomaa. Ukiigusa unasikia mtetemo, kama paka anayekoroma chini ya ngozi. Siku usipousikia, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini, kaka ananinyooshea mkono huku akiendelea kusikiliza redio yake. Naweka vidole viwili.

"Upo?" ananiuliza.

"Upo, kaka."

Anaurudisha mkono kwenye blanketi, nami nachukua mkoba wangu.