Stoo ya oda: Chicago, Columbus au Indianapolis?

Dada, kati ya hiyo miji mitatu ya Marekani uliyouliza ya kuweka stoo ya vitenge ili oda ziwahi, mi nakwambia Indianapolis. Chicago pango lake kali na foleni ya malori itakutoa roho, halafu ukiwa Indy (yaani Indianapolis) hiyo Chicago yenyewe ni kama masaa matatu tu kwa gari. Pale Indy zinakutana barabara kuu za I-65, I-69, I-70 na I-74, na FedEx, wale wasafirisha vifurushi, wana kituo chao pale eapoti, cha pili kwa ukubwa baada ya kile chao cha Memphis. Kwa njia ya barabara, siku moja mbili mzigo uko Ohio, Michigan, Kentucky, ila mteja wa California atasubiri siku nne hivi, usimdanganye.

Columbus nayo sio mbaya, I-70 na I-71 zinapita humo, na kama kontena zako zinashukia bandari ya Norfolk basi hapo Columbus inashinda maana treni ya mizigo inatoka bandarini mpaka Rickenbacker, kituo cha mizigo cha hapo Columbus.

Ila kwa oda 20 kwa siku usikodi godauni zima jamani!! tafuta wale wanaokutunzia mzigo, wanafunga na kutuma wao, wapo kibao huko Plainfield na Whitestown, vimiji vya pembeni ya Indy. Kabla hujasaini uliza bei ya kupokea mzigo, bei ya kila oda, na hasa bei ya mzigo uliorudishwa, hiyo ndo huwa wanaificha.