Jibu: Muamala wenye mkataba wa shamba unakataliwa

Salamu kutoka Nakuru. Umeeleza kwamba muamala wako wa Bitcoin, uliobeba picha ya mkataba wa shamba la Kisumu, unakataliwa na nodi, yaani kompyuta zinazokagua na kusambaza miamala. Kagua kwanza ukubwa wa data uliyoweka katika OP_RETURN (sehemu ya muamala inayobeba data ya ziada), kwa kuwa nodi zenye matoleo ya programu yaliyotangulia Bitcoin Core 30 kwa kawaida hazisambazi zaidi ya baiti 80 hivi. Mimi hubaki na faili na kuandika kwenye muamala hashi yake ya SHA-256 pekee (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili), yenye baiti 32, ambayo hutosha kuonyesha baadaye kwamba faili ilikuwepo na haijaguswa, mradi usiiskani upya, kwa kuwa skani mpya hutoa hashi tofauti. Tena mkataba una nambari ya kitambulisho cha muuzaji, na kilichoingia kwenye mnyororo wa Bitcoin (daftari lake la wazi la miamala) hakifutiki. Ofisi ya ardhi, hata hivyo, itadai karatasi yenyewe.