Msimnyime mama ini

Shikamoo Mama Maabara. Mama yetu ana miaka 74, tunaishi naye Muheza. Tangu mwaka jana anasahau sana. Anauliza mara tatu kama tumeshakula, na juzi alitoka kwenda shambani akarudishwa na bodaboda kutoka kijiji cha pili. Kliniki walimpima wakasema damu ni ndogo, 8.9, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Sasa kaka yangu amesoma kwenye simu kwamba chuma cha damu, kitu kinaitwa hemu, hushikamana na uchafu wa ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa wazee kupoteza kumbukumbu. Ameficha vidonge, na ini na nyama nyekundu kapiga marufuku nyumbani. Dawa nyingine anazomeza mama ni diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, na klofeniramini usiku apate usingizi. Je, kaka yuko sahihi? — Z., Muheza

Marahaba mwanangu. Vidonge virudi leo. Mengine tutazungumza mama akiwa ameshameza.

Kaka yako hakudanganywa. Kasoma jambo la kweli, ila kalitoa kwenye chupa ya maabara akalitia kwenye sufuria ya mama.

Hemu ni kama pete: naitrojeni nne zimeelekea katikati, na hapo katikati imekaa atomu moja ya chuma. Ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Atomu ile ina nafasi sita za kushikwa. Nne zimechukuliwa na pete yenyewe, ya tano ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hushikwa na asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo histidini, na ya sita huachwa kwa ajili ya oksijeni.

Upande wa pili kuna amiloidi-beta, uzi mfupi wa protini wenye asidi amino 40 au 42. Ndio unaojikusanya kuwa yale mabonge ambayo Alois Alzheimer aliyaona kwenye ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa wake wa Frankfurt aliyefariki 1906. Uzi huo una histidini tatu: namba 6, 13 na 14. Hemu ikipita jirani, ya 13 au ya 14 huidaka, vilevile kama himoglobini ifanyavyo. Lakini himoglobini huificha hemu yake ndani ya mkunjo, salama. Amiloidi haina mkunjo wa kuifichia. Hemu inakaa nje, nafasi ya sita wazi, na anayebisha hodi hapo ni haidrojeni peroksaidi, ileile tunayooshea vidonda, ambayo seli zetu nazo huitoa kidogo kidogo zikifanya kazi.

Mwaka 2006 Hani Atamna na mwenzake wa California walionyesha kwamba hemu na amiloidi zikishikana zinageuka kuwa kimeng'enya, aina ya peroksidasi (inayotumia peroksaidi kuunguza kemikali nyingine), chenye uwezo wa kuiunguza hata serotonini, mojawapo ya kemikali ambazo seli za ubongo hutumiana. Baadaye Somdatta Ghosh Dey na kundi lake huko Kolkata wakaonyesha kwamba asidi amino namba 5, arjinini, ndiyo inayosaidia kuivunja peroksaidi.

Wenzangu wa maabara peroksidasi wanaijua kwa macho. Kwenye ELISA, kipimo kinachoonyesha kwa rangi kama kitu fulani kimo, kwenye sahani ya visima 96, tunatia maji maji yasiyo na rangi yaitwayo TMB na tunasubiri. Kisima chenye tunachokitafuta kinaanza kuwa buluu, kwanza kama kivuli, halafu buluu kamili. Ukidondoshea asidi kinageuka njano. Kinachofanya kazi ile ni peroksidasi iliyotolewa kwenye mzizi mmoja mkali wa Ulaya, na ndani yake imo hemu. Nimeitazama buluu hiyo miaka 30 bila kuwaza kwamba kuna siku nitasoma kuhusu jamaa yake kwenye ubongo wa mzee. Jamaa huyo ni mvivu lakini, hafikii hata kidogo kasi ya yule wa kwenye mzizi. Ila ubongo wa mzee una miaka mingi ya kusubiri.

Na lipo jambo ambalo kaka hakulisoma: katika chupa, amiloidi iliyoshika hemu haifanyi mabonge kwa urahisi! Ndiyo maana Atamna aliligeuza swali. Huenda shida si hemu kuzidi. Huenda amiloidi inainyakua hemu ambayo mitokondria, majiko madogo ndani ya seli, wanaihitaji ili kuchoma chakula, nao wanabaki na njaa. Ni dhana bado, lakini ona inakoelekea: inamsogeza mama kwenye upungufu, wakati ninyi mnamnyima.

Sasa ini. Hemu ya kwenye ini haipandi kichwani. Ukishalila, seli za utumbo huivunja ile pete na kuchukua chuma tu. Chuma hicho husafirishwa kikiwa kimebebwa na protini, na ubongo una mlango wake wenye bawabu. Hemu ya ubongo hutengenezwa mle mle, kila seli na yake, kwa hatua nane.

Watu wameshajaribu kufanya alichofanya kaka, tena kitaalamu zaidi. Huko Australia wagonjwa 81 wa hatua za mwanzo waligawanywa. Wengine wakapewa deferiproni, dawa inayokamata chuma na kukitoa mwilini, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2024. Chuma kilipungua kweli kwenye sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, lakini waliopewa dawa walishuka akili haraka kuliko wenzao. Msomee kaka aya hii polepole.

Ila barua yako, mwanangu, mimi nimeisoma kuanzia mwisho. Diklofenaki kila siku kwa mtu wa miaka 74? Dawa hiyo huchubua tumbo, na tumbo linaweza kuvuja damu kimya kimya. Damu ya 8.9 huenda ina mahali inakopotelea: muulize mama kama choo chake ni cheusi (uliza choo cha siku hizi alizokaa bila vidonge vya chuma, maana navyo hukifanya cheusi), na kipimwe choo kwa damu iliyojificha na kwa safura. Klofeniramini nayo, hivi vidonge vidogo vya mafua ambavyo nusu ya mtaa wangu wanalalia, huzuia kemikali nyingine ya ubongo, ambayo kumbukumbu inaitegemea. Kijana haoni kitu, mzee anachanganyikiwa. Tia dawa zote kwenye mfuko mmoja, mpeleke kwa daktari, na umwombe apime pia tezi ya shingo, vitamini B12, sukari na presha. Presha usiiache nyuma, kwa sababu mishipa midogo ya ubongo ikipasuka ndipo hemu ya damu inapomwagika mahali pasipo pake.

Tezi ninaitaja kwa uchungu. Nilipompeleka marehemu baba yangu kwenye hospitali moja niliambiwa, "Huo ni uzee tu, mama, mrudishe nyumbani." Miezi saba baadaye ndipo tulipojua tezi yake imelala. Na mimi kipimo hicho nilikuwa nawafanyia watu baki kila Jumanne.

Vidonge vya chuma asimeze na chai, inavizuia. Aache saa mbili zipite.

Mama Maabara, mwalimu anasema panya wa kawaida hawapati mabonge ya Alzheimer hata wakizeeka. Kwa nini? — Kidato cha Sita, Dodoma

Amiloidi-beta ya panya inatofautiana na yetu mahali patatu tu. Namba 5 sisi tuna arjinini, yeye ana glisini. Namba 10 sisi tirosini, yeye fenilalanini. Namba 13 sisi histidini, yeye arjinini. Rudi juu kwenye jibu la Z. uone namba 5 na 13 zinafanya kazi gani. Ya 10 nayo huchangia elektroni hemu inapokuwa kazini. Uzi wa panya huishika hemu kwa ulegevu, na uperoksidasi wake ni hafifu. Kama hiyo ndiyo sababu yote, bado wanabishana, maana namba hizo hizo hushika pia shaba na zinki. Panya mnaowasoma kwenye habari za dawa mpya wamepandikizwa jeni ya binadamu. Mabonge wanayoyaota ni ya kwetu.