Tairi za spidi kwa gari la mtaani: anza na mvua

Vijana wenye Altezza, Mark X na Subaru hapa Dar huniuliza swali lilelile: "Kaka, niweke tairi gani gari ishike barabara?" Nami huwauliza, masika unapita wapi? Wanadhani nakwepa. Lakini kwenye lami kavu, kwa spidi halali ya mjini ya kilomita 50 kwa saa, tairi lolote jipya lenye mpira wa maana litashika. Tofauti utaiona siku maji yametanda barabarani, bajaji imekukatia mbele na mguu wako umeshagonga breki.

Tuanze na saizi, maana hapo ndipo hela nyingi hupotelea. Altezza yangu ilikuja na 215/45R17. Yaani upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17. Piga hesabu: ubavu haufiki milimita 97. Mpira huo ndio pekee ulioko kati ya rimu yako na mashimo ya barabara za ndani kule Mbezi. Nikashuka hadi inchi 16, 205/55R16. Ubavu ukapanda karibu milimita 113, na kipenyo cha tairi zima hakikuongezeka hata sentimita moja, kwa hiyo spidomita haijavurugika. Usukani umepoteza ukali kidogo, sikatai. Ila habari za kunyoosha rimu nimezisahau. Ukitaka kushuka hivyo, jaribisha kwanza rimu moja uone kama inapita kwenye kalipa ya breki, kile chuma kinachobana diski.

Kingine, kwenye maji upana unakugeuka. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, kwa hiyo linaanza kuelea mapema kuliko jembamba lenye kashata zilezile, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa lami. Na safari ya kwenda Chalinze unaijua: malori yamebonyeza lami hadi ikaweka mabonde mawili, na mvua ikinyesha maji yanakaa humohumo. Tairi pana lenye ubavu mfupi hufuata kingo za mabonde hayo na kukunyang'anya usukani. Wapenzi wa tairi zilizotoka nje ya fenda huwa hawapendi kulisikia hili.

Sasa mpira wenyewe. Ubavuni tafuta neno TREADWEAR na namba yake. Likiandikwa 200 au chini, huo kwa kawaida ni mpira laini wa watu wanaokwenda uwanjani kushindana. Unanata vizuri lakini unalika haraka, na mengi ya aina hiyo yana mifereji michache ya kutoa maji. Kuanzia 500 kwenda juu ni tairi la kudumu, la teksi. Kwa gari la kila siku ambalo bado unataka likusisimue, mimi natafuta kati ya 300 na 400. Michelin Pilot Sport 4 S, kwa mfano, ina 300. Usiichukulie namba hiyo kama kipimo cha mizani, maana kila kiwanda hujipimia chenyewe. Jirani yake kuna TRACTION: nataka AA au A, kwa sababu herufi hizo hupima breki kwenye lami yenye maji, gari likiwa limenyooka. Tairi likiwa na stika ya Ulaya, angalia picha ya wingu la mvua. Tangu 2021 ngazi zake ni A hadi E, na mimi sishuki chini ya B.

Kwenye mtumba kuwa macho. Gari likishuka bandarini kutoka Japani linaweza kuwa bado limevaa tairi za theluji. Zina kashata nene, zimejaa vichanjo vidogo vidogo, na ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Mnunuzi anaona kashata bado zimesimama, anafurahi. Mpira ule umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya Hokkaido. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana unakuwa kama ubani mdomoni. Gari linayumba kwenye kona, breki inachelewa, na kashata zinapukutika. Zitoe, hata kama ni mpya.

Halafu kuna zile zilizochongwa upya kwa kisu na kupakwa rangi nyeusi. Ingiza kidole ndani ya mfereji utafute vile vituta vidogo vya alama ya kuisha, vya milimita 1.6. Kama mfereji umepita chini yake, au vituta vyenyewe vimekatwa, rudisha. Soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni inayoonyesha lini tairi limetengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Siku ya kufunga, simama hapohapo. Tairi lenye mifereji ya umbo la V lina mshale na neno ROTATION. Fundi mmoja alitaka kunifungia la kulia mshale ukitazama nyuma. Nilipomwonyesha akacheka, "Bosi, si linazunguka tu?" Linazunguka, ndiyo, ila mifereji haitoi maji inavyotakiwa. Lililoandikwa OUTSIDE, maandishi hayo yakae nje.

Ukiwa na hela ya mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama fundi atakubishia kwamba usukani uko mbele. Mbele pakiteleza unapunguza mafuta na gari linarudi. Nyuma pakiteleza kwenye maji, dereva wa kawaida hana muda wa kulikamata. Na kilomita 300 za mwanzo nenda taratibu, mpira mpya una utelezi wa kiwandani.

Upepo soma kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Cha Kijapani huandikwa kPa: 230 ni kama psi 33. Vijana wa pampu wengi hujaza 40 bila kuuliza, kwa hiyo taja namba yako kabla hawajachomeka mpira wa upepo. Ukibadili saizi, linganisha kwanza uwezo wa kubeba mzigo, ile namba inayofuata saizi ubavuni: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na spea usiiruke.