Maharagwe ya Robotnik na Asili Yake ya Kijapani: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii zinahusu karibu mchezo mmoja tu, Puyo Puyo, ule wa vidude vya rangi vinavyodondoka viwili viwili. Nimezijibu kwa mfuatano ambao utamfaa hata msomaji asiyewahi kuushika mchezo wenyewe.

Nilikulia kwenye kaseti ya Sega yenye Dr. Robotnik na maharagwe ya rangi. Juzi mwenzangu kazini aliniambia kwamba gemu hiyo ni ya Kijapani na kwamba Robotnik alibandikwa tu. Je, ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli kabisa. Mchezo uliokulia nao, Dr. Robotnik's Mean Bean Machine wa mwaka 1993, ni Puyo Puyo aliyevalishwa kanzu nyingine. Kampuni ya Compile ya Japani iliutoa Puyo Puyo mwaka 1991 kwa kompyuta za MSX2 na kwa mashine ya Famicom, na mwaka uliofuata, kwa kushirikiana na Sega, ikatoa toleo la mashine za kumbi za michezo ambalo ndilo lililoupa umaarufu. Wahusika wake walitoka katika Madou Monogatari, mfululizo wa michezo ya safari na uchawi wa Compile yenyewe. Shujaa ni msichana aitwaye Arle, mwenzake ni mnyama mdogo wa manjano, Carbuncle, anayecheza ngoma katikati ya skrini wakati wewe unatokwa jasho, na mmoja wa wapinzani wao wakubwa anaitwa Satan. Unaweza kuona mwenyewe jinsi jina hilo lingezua maneno katika maduka ya vifaa vya watoto kule Marekani, na kwa kweli matoleo ya baadaye ya Kiingereza yamemwita Dark Prince.

Kwa kuwa wachezaji wa Magharibi hawakuwa na habari za Arle, Sega ilimchukua mtu waliyemjua, yaani Robotnik, adui wa nungunungu Sonic katika katuni ya televisheni Adventures of Sonic the Hedgehog iliyoanza mwaka huohuo wa 1993. Kikatungwa kisa kwamba Robotnik amewateka wakazi wa Beanville ili awageuze kuwa roboti watumwa, na puyo, yaani vile vidude vya rangi, zikawa maharagwe. Wapinzani ni 13, kuanzia roboti aitwaye Arms hadi Robotnik mwenyewe. Uwanja, rangi, kasi na kanuni havikuguswa.

Kilichopotea, kwa maoni yangu, ni mchezaji mwenyewe. Katika toleo la Kijapani, kabla ya kila pambano Arle na mpinzani wake hutupiana maneno ya kuchekesha, na vidude vinapolipuka kwa mfululizo yeye hutamka uganga wake, hadi ule maarufu wa “Bayoen”. Katika toleo la Robotnik, roboti anakutisha, nawe huna mdomo wa kumjibu.

Kuna tofauti gani kati ya mchezo huu na Tetris? Kwangu vyote ni matofali yanayodondoka. (Msomaji, Morogoro)

Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, inakutaka ujaze mstari mzima bila kujali rangi. Puyo Puyo inakutaka uunganishe vidude 4 au zaidi vya rangi moja, kwa ubavu au kwa kimo, wala si kwa mshazari. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba katika Puyo Puyo kilicho juu hudondoka pindi cha chini kinapotoweka, na mchezo mzima umejengwa juu ya kudondoka huko.

Mwanangu wa miaka kumi ananishindilia maharagwe ya kijivu hadi najaa pomoni. Mimi nafuta manne manne kwa bidii, lakini sifui dafu. Nifanyeje? (Mama, Dodoma)

Mama, bidii yako ndiyo inayokuponza. Ukifuta manne manne humdhuru mtoto, kwani uchafu anaotumiwa mpinzani, yaani hayo maharagwe ya kijivu, hutokana na mnyororo, yaani kundi moja kulipuka na kusababisha jingine lilipuke bila wewe kugusa pedi.

Jaribu hivi leo jioni. Laza maharagwe 3 ya kijani chini kabisa, katika safu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Juu ya lile la safu ya kwanza rundika mekundu 3. Kisha ngoja jozi yenye jekundu na kijani, izungushe hadi kijani kiwe juu, na uidondoshe katika safu hiyohiyo ya kwanza. Mekundu yatatimia 4 na kutoweka, kijani kitashuka na kukuta wenzake watatu, nao watatoweka. Huo ni mnyororo wa hatua mbili.

Hesabu yake ndiyo inayotisha. Katika toleo la pili la mwaka 1994, Puyo Puyo Tsu, kila alama 70 humpelekea mpinzani kidude kimoja cha uchafu. Mnyororo wa hatua mbili, wa vidude vinne vinne, huleta alama 360, yaani uchafu 5. Hatua tatu huleta 14, hatua nne 32, na hatua tano 69, ilhali uwanja wote una nafasi 72 zinazoonekana (safu 6 kwa mistari 12). Ndiyo maana mtoto wako anaonekana amekaa kimya huku akirundika. Hajazubaa, anakuchimbia kaburi.

Tahadhari moja tu: kaseti ya Robotnik inafuata kanuni za toleo la kwanza, ambamo huwezi kuuzuia uchafu ulio njiani kwa mnyororo wako mwenyewe. Kinga hiyo ililetwa na Tsu. Kwa hiyo mwahi.

Mbona Sonic haonekani kabisa? (Msomaji, Kampala)

Hayumo. Yumo adui yake, pamoja na vibaraka wa katuni kama Scratch, Grounder na Coconuts.

Nimeuona mchezo huohuo ukiwa na Kirby. Nani alimwiga mwenzake? (Msomaji, Muscat)

Hakuna aliyeiga. Toleo la mashine ya Nintendo iitwayo Super Famicom, Super Puyo Puyo la 1993, lilifanyiwa mageuzi ya aina ileile, safari hii kwa kumweka Kirby, mhusika wa michezo ya Nintendo, likatoka mwaka 1995 kwa jina la Kirby's Avalanche huko Marekani na Kirby's Ghost Trap barani Ulaya. Hapa mazungumzo ya kabla ya pambano yalibakizwa, na matokeo yake ni kichekesho: Kirby, ambaye kwa kawaida hasemi neno, anawajibu wapinzani kwa kejeli za mtu wa kijiweni.

Nintendo ilirudia mtindo huo mwaka 1996, ilipoitoa Panel de Pon ya Kijapani kwa jina la Tetris Attack, ikiwaondoa wahusika wake wa awali na kumweka Yoshi, yule dinosari wa michezo ya Mario. Jina hilo naliona ni upotoshaji, maana ndani yake hamna Tetris hata chembe.

Je, siku hizi Arle anapatikana nje ya Japani? (Msomaji, Mombasa, yuleyule)

Anapatikana, tena kwa jina lake. Puyo Puyo Tetris ilifika Magharibi mwaka 2017 ikiwa naye, kwa ajili ya Nintendo Switch na PlayStation 4. Ila mazoea hayafi upesi: mwaka 2019 Sega ilipouza nakala ndogo ya mashine yake ya zamani, Mega Drive, yenye michezo ya zamani ndani yake, wanunuzi wa Japani walikuta Puyo Puyo Tsu, na wale wa Magharibi wakamkuta Robotnik na maharagwe yake.