Maswali ya Bustani: Chikori kwenye mchanga wa pwani

SWALI: Asalam aleikum. Jirani yangu Mtaliano aliniachia pakiti mbili za mbegu za chikori, ile mboga ya majani machungu, moja ya majani, nyingine ya vichwa vyekundu vinavyofunga kama kabichi. Pakiti zinasema zipandwe kuanzia Machi. Nikapanda Machi. Zikaota chache mno, na hizo chache zikatoa shina refu kabla majani hayajafaa kuliwa. Je, mbegu ni mbovu? – Mama Z., Barani, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Usizitupe mbegu, kalenda ya pakiti ndiyo isiyokufaa. Machi huko Italia baridi ndiyo kwanza inaondoka, na Machi ya Malindi ni mkia wa kaskazi, mchanga unachoma nyayo. Chikori huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 18 hadi 24. Likipita 30, mbegu nyingi hulala tu. Na mche unaochipuka kwenye joto na kiu hukimbilia kutoa maua, ndilo shina uliloliona.

Ngoja kusi. Panda kuanzia mwisho wa Mei, mvua kubwa ya masika ikishapungua, hadi Julai. Ukipanda Mei katikati, matone mazito yatazifukua mbegu, na zitakazosalia zitauawa na kinyausi: shingo ya mche hulegea pale inapogusa udongo, ukalala.

Hata wakati wa kusi, mchana mchanga hupata moto, kwa hiyo zisaidie mbegu. Ziloweke usiku mmoja, zikunje katika kitambaa kibichi, kisha ziweke ndani ya friji, si kwenye barafu, kwa siku mbili. Zisikae wiki kadhaa humo, maana baridi ndefu huifanya chikori iwahi kutoa maua. Zipande jioni.

Kwa kitanda cha mita 1 kwa 3, changanya ndoo moja na nusu ya lita 20 ya samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Chora mifereji yenye kina cha nusu sentimita, mmoja na mwenzake sentimita 30. Gramu 1 ina mbegu zaidi ya 500, na kitanda hicho kinabeba mimea 40 tu, basi nusu gramu inatosha na kubaki. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, fukia kidogo, funika kwa gunia lililoloweshwa. Mwagia asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu madogo. Sisimizi hupenda kuzibeba mbegu hizi. Ukiona msafara wao, fuata njia yao mpaka shimoni umwage maji ya moto huko, mbali na kitanda.

Tarajia miche baina ya siku ya 5 na ya 10. Gunia liondoe siku ileile unayoona vichwa vya kwanza. Likikaa siku mbili zaidi miche hurefuka, ikawa myembamba na kulegea. Hapo weka kivuli cha makuti yaliyopangwa kwa nafasi, kimo cha kiuno, kikinge jua la saa tano mpaka saa kumi. Miche ikiwa na majani matatu, punguza ibaki sentimita 25 kati ya mmoja na mwingine. Unayoing'oa ni mboga. Baadaye lita 5 za maji kwa mita moja ya mraba kila siku zinatosha kwenye mchanga wetu. Ukiruka siku mbili kisha ukafurika, kingo za majani huungua.

Baada ya siku 60 hivi anza kukata majani ya nje, alfajiri. Uchungu utakuwepo, kama mchunga, ambao ni wa jamaa moja nayo. Chemsha kwa maji ya chumvi dakika 5, kamua, ndipo utie tui.

Ile pakiti ya vichwa vyekundu, tusikudanganye. Wekundu na kufunga kichwa vyataka usiku wa baridi, na hapa hata Julai usiku haushuki kiasi hicho. Panda, lakini ule kama majani.

SWALI: Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi. Chikori itakubali? Nitie na majivu? – Msomaji, Lamu

JIBU: Mche mchanga haukubali. Mpaka ufikishe majani matano tumia maji ya mvua kutoka jabiani. Mkubwa huvumilia kiasi, ila umwagie kwa wingi mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kidogo huirundika juu. Majivu acha. Udongo wenye matumbawe una chokaa ya kutosha na majivu huizidishia. Mwani nao usiutandaze kabla haujaoshwa kwa maji matamu.

SWALI: Nataka mizizi ya kuchanganya na kahawa. Yangu hutoka na matawi kama vidole. – Msomaji, Mambrui

JIBU: Sababu ni mawe, samadi mbichi, au miche iliyohamishwa; mzizi mkuu ukikatika ncha hugawanyika. Panda moja kwa moja mahali pake, udongo ukiwa umelimwa kina cha sentimita 30, na uache sentimita 12 kati ya mimea. Tafuta mbegu ya aina ya mizizi, kama Magdeburg. Ya majani hutoa mzizi mwembamba. Vuna baada ya miezi minne au mitano.

Osha, katakata vipande vya sentimita moja, anika mpaka vivunjike kwa mkono. Kaanga bila mafuta juu ya moto mdogo wa makaa, ukikoroga, hadi viwe kahawia iliyokolea. Vikigeuka vyeusi ladha ni ya mkaa tu. Twanga, kisha tia kijiko kimoja kwa vitatu vya kahawa. Chikori haina kafeini. Unga wake hunyonya unyevu upesi, kwa hiyo twanga wa wiki moja tu na uufunge kwenye chupa kavu ya kioo.