Kabla hamjakubali picha ya kichwa irudiwe

Jamani, mtu wenu akipata ajali akapigwa siti skani (CT scan, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani) ya kichwa, halafu kesho yake mnaambiwa irudiwe, msikimbilie kuchangisha pesa na pia msikimbilie kukataa. Ulizeni kwanza: hali yake imebadilika?

Mpwa wangu alianguka na bodaboda huku Malindi, njia ya Gede, bila helmeti. Picha ya kwanza ikaonyesha damu kidogo ndani ya fuvu, lakini mwenyewe anaongea vizuri, anaijua siku, anaitisha chai. Kuna ile alama ya Glasgow wanapima, ya kuona mtu ana fahamu kiasi gani, ya chini 3 ya juu 15, yeye alikaa 15 usiku kucha. Nesi alikuwa anamuamsha kila saa, anamulika tochi machoni aone kama mboni ziko sawa, anamwambia finya vidole vyangu, na sisi tunanung'unika si amuache alale, kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe. Asubuhi fomu ya picha ya pili ikaja, dada yangu ashaanza kupigia watu simu. Nikauliza, "Samahani daktari, hii picha itabadilisha nini kwa matibabu?" Akasoma faili polepole, akasema kwa huyu hakuna, tuendelee kumtazama, akibadilika turudie hapo hapo.

Na ndivyo ilivyo, mtu aliyeumia kichwa kidogo na hali yake imetulia, kurudia picha kwa mazoea tu ni nadra kubadilisha matibabu, na kila siti skani ya kichwa ina mionzi kama milisivati 2 hivi, inaishinda ya eksirei ya kifua mbali sana.

Lakini akianza kutapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, amechanganyikiwa, mboni moja imekuwa kubwa, mkono umelegea, ama alama imeshuka, hapo msibishane na mtu, picha ipigwe sasa hivi. Mzee anayetumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, pia ni habari nyingine, damu yake inaweza kuvuja baadaye, na aliye kwa mashine ya kupumulia amelazwa usingizi kwa dawa hawezi kukwambia anavyojisikia, hao daktari akitaka kurudia ana sababu.

Halafu nyinyi wa Lamu mnaovuka Mokowe mkipewa rufaa, tafadhali ombeni sidii (CD) ya picha pamoja na ripoti kabla hamjatoka, ripoti muipige picha na simu pia. Wagonjwa wengi hurudiwa picha huko mbele kwa sababu ya kwanza imebaki nyuma tu.